Nani Kaleta Kunguni

Mama Funguo aliitisha kikao cha wapangaji Jumamosi asubuhi, na ajenda ilikuwa moja tu: nani kaleta kunguni kwenye nyumba yake. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya rundo la funguo alilojifunga kiunoni, likimtangulia kila alikokwenda. Wapangaji wakilisikia, waliokuwa wakinong'ona walinyamaza na waliolala waliamka.

Kikao kilikaa uani, karibu na bomba. Vyumba sita, watu kumi na kitu, na hakuna hata mmoja aliyejikuna. Kinyozi wa chumba cha kwanza aliikalia mikono yake yote miwili. Mama mmoja alijisugua mgongo taratibu kwenye ukuta, akijifanya ameegemea. Tuseme ukweli, nyumba nzima ilikuwa inawashwa, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana.

"Mimi nyumba yangu ilikuwa safi," alisema Mama Funguo. "Kunguni hawana miguu ya kutoka barabarani wakapiga hodi. Kuna mtu kawaleta. Huyo mtu nataka ajitaje mwenyewe, kwa hiari. Akijificha, kesho napita chumba kwa chumba, na nitakapowakuta, hapo hapo mtu anatoka na vyake."

"Sisi kwetu hakuna," alisema kinyozi haraka.

"Kwetu pia hakuna," alisema yule aliyeegemea ukuta.

Ikafika zamu ya chumba cha tatu. Fundi makochi aliyekaa hapo alikuwa akichimba kucha zake zilizojaa gundi, kwa hiyo mkewe ndiye aliyejibu. "Kwetu hakuna, mama," alisema Mama Chiriku, na mkono wake ukamkaza mwanawe begani.

Mtoto huyo alikuwa na miaka sita, na waliomwita Chiriku hawakukosea, kwani aliongea kutwa. Mikono yake ilikuwa na vipele vyekundu vilivyojipanga mstari. Mama Funguo aliviona. Kabla hajafungua mdomo, mtoto alisema, "Ni mbu."

Alikuwa amefundishwa. Siku tatu nzima mama yake alimkalisha kitandani akamuuliza, "Wakikuuliza ni nini?" naye akajibu, "Ni mbu," mpaka lilipomkaa. Sasa amelisema bila kuulizwa, na Mama Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

"Chumba cha nne yuko wapi?" aliuliza Mama Funguo.

"Dada Zamu? Yuko kazini," alisema kinyozi. Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, "Si anafagia wodi hospitalini? Anashinda kwenye vitanda vya wagonjwa, halafu anarudi huku na nguo zile zile."

Ungeuona ua ule, ungewaona watu wakivuta pumzi kama waliotua mzigo. Mtu alikuwa amepatikana, tena hayupo.

*

Chumbani, Mama Chiriku alifunga mlango, akateremsha pazia, akamtuma mtoto akacheze mbele. Kisha akamtazama mumewe, halafu akalitazama kochi.

Lilikuwa kochi la mtu mmoja, la mahameli ya kijani, na ndicho kitu pekee cha fahari walichokuwa nacho. Mteja mmoja alilitupa aliponunua jipya. Fundi akalibeba, akalivalisha vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye kazi za watu, akamletea mkewe. Dada wa mkewe alipokuja kuwatembelea alilikalia, akalipapasa mikono, akasema, "Kumbe nyie mko vizuri." Mama Funguo naye, kila alipokuja, alikaa humo na funguo zake, akikataa kuinuka. Hata Chiriku alisinzia humo mchana, na vipele vyake vilianzia hapo.

"Lipindue," alisema Mama Chiriku.

"Ya nini?"

"Baba Chiriku, lipindue."

Akalipindua. Mkewe akawasha tochi ya simu, akaisogeza kwenye kitambaa cheusi kilichofunika tumbo la kochi. Pembeni, pale kitambaa kinapokutana na mbao, kulikuwa na nukta nyeusi nyingi kama mtu kachovya kalamu akapangusa. Fundi aling'oa pini mbili kwa ncha ya kisu. Hakuhitaji ya tatu. Walikuwa ndani, wamejipanga kwenye pindo, wanono, wametulia kama wenye chumba.

Mama Chiriku alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kabati. "Uliniambia umelifungua lote."

"Nililifungua."

"Baba Chiriku."

Fundi alichuchumaa, akatazama chini. Kila fundi makochi anajua kazi hii inaanza kwa kuvua. Unang'oa kitambaa cha zamani mpaka ubao uonekane, unatoa sponji, unaanika juani siku nzima, unabadilisha mikanda inayobeba sponji, ndipo unavalisha. Mwanafunzi akivalisha kipya juu ya kikuukuu anachapwa kibao cha kichwa. Na yeye mwenyewe, kwenye kochi la mteja, asingethubutu.

"Dada yako alikuwa anakuja Ijumaa," alisema. "Nikasema hili ni letu wenyewe, nani atalifungua? Nikavalisha juu."

"Juu ya uchafu wa watu."

"Juu ya kile cha zamani, ndiyo."

"Ukamlaza mwanangu humo."

Mkewe aliketi kitandani, akaanza kulia bila sauti, maana kuta zilikuwa nyembamba na ule wa upande wa Dada Zamu ulikuwa na ufa unaopitisha mpaka kikohozi.

Wakaanza kupanga, na kila mpango uliwarudia. Kulitoa kochi, lazima lipite uani mbele ya macho ya watu, na Mama Funguo alikuwa amehamishia kigoda chake langoni. Kupuliza dawa, harufu yake ingevuka vyumba vyote. Anayepuliza ndiye aliyekiri. Kumwaga maji ya moto, jiko lilikuwa la nje, la wote.

"Basi nikaseme," alisema Fundi.

"Ukaseme nini? Hii baraza ya mbele unayofanyia kazi ni ya nani?"

"Ya Mama Funguo."

"Ukitoka chumbani umetoka na barazani. Na huko utakakokwenda, nani atakupa kochi lake ukiwa fundi mwenye kunguni? Itafika kila mahali, Baba Chiriku. Watu watakuwa wanasimulia kama kichekesho."

Alisema hivyo yeye, kwa mdomo wake, na baadaye hakujisamehe. Fundi alizirudisha zile pini mbili mahali pake kwa nyundo ndogo, taratibu, ili asisikike.

*

Jumapili Mama Funguo hakuanzia chumba cha kwanza. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nne, na wapangaji wakafuatana naye kama waliokuwa wamekubaliana.

Dada Zamu ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Bado alikuwa na sare yake ya bluu na ndala za kazini, na macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi. Alikuwa mwanamke mpole wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kusalimia, asiyekopa chumvi wala kukaa kwenye vikao vya bombani. Hilo la vikao ndilo lililomponza. Watu hawakuwa na la kumtetea.

"Godoro," alisema Mama Funguo. "Tulitoe nje."

"Kuna nini, mama?"

"Utaona."

Kinyozi akalikamata upande mmoja kwa ncha za vidole, na mwingine upande wa pili, wakalilaza uani juani. Lilikuwa godoro la zamani lakini safi, limevalishwa foronya kubwa aliyoishona mwenyewe kwa shuka mbili. Dada Zamu alisimama pembeni akiwa ameshika mto wake kifuani. Mtu kuona godoro lako mchana, likiwa uchi mbele za watu, ni jambo la kufedhehesha hata kama halina kitu.

"Fundi yuko wapi?" aliita Mama Funguo. "Njoo na kisu chako. Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Sisi tutapapasa juu juu tu."

Fundi alikuwa barazani, ameinamia kazi ya mtu. Alijifanya hakusikia. Akaitwa tena. Aliuvuka ua ule kama anapita kwenye tope.

Hakukata. Alipiga magoti akatafuta mwanzo wa mshono, akafungua uzi mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayemfungua mgonjwa bandeji. Jua lilikuwa kali. Alipofika upande wa kichwani, akawaona: wanne, watano, na nukta zao. Akageuza godoro upande wa pili. Hakuna hata mmoja. Akarudi upande ule wa kwanza. Walikuwa kwenye ukingo mmoja tu, ule unaogusa ukuta, na upande wa pili wa ukuta ule kilikuwa chumba chake yeye Fundi. Fundi mwingine yeyote angeelewa pale pale kwamba hawa hawakuzaliwa humu. Walikuwa wageni.

"Wapo?" aliuliza Mama Funguo.

Kisu kilikuwa kimetulia mkononi mwa Fundi. Mlangoni kwake mkewe alikuwa amesimama, na kiganja chake karibu na mdomo wa Chiriku.

"Wapo," alisema Fundi.

Ua ukalipuka. Kila mtu alianza kujikuna kwa wakati mmoja, waziwazi, karibu kwa furaha, kwa sababu sasa ruhusa ilikuwepo. "Nilisema mimi," alisema kinyozi akijikwaruza shingo. "Nilisema jana."

"Mama," alisema Dada Zamu, "nyumba nzima inaumwa na kunguni. Tazama wanavyojikuna."

"Wanajikuna kwa ajili yako. Jua lisizame uko humu."

Dada Zamu alimtazama Fundi. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kumeza ili aongee. Na Fundi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akashindwa kuvumilia.

"Mama Funguo," alisema, "huenda… huenda wametoka kwangu hawa."

Mama Funguo akamwangalia, kisha akacheka mpaka funguo zikacheza kiunoni.

"Kwako? Kwenye lile kochi ninalokaa mimi? Fundi, roho yako nzuri itakuponza. Huruma nyingine si za kubeba."

Yalikuwa yamebaki maneno mawili tu: njooni muone. Alikuwa nayo mdomoni. Mlango wake ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Akaangalia zile hatua kumi, akaiangalia baraza yake, akasema, "Mimi nasema tu."

"Huyu ndiye binadamu," alisema kinyozi. "Angekuwa mwingine angekaa kimya."

"Asante, Fundi," alisema Dada Zamu kwa sauti ya kusikika na wote. "Katika nyumba hii yote ni wewe peke yako uliyesimama na mimi. Asante sana."

"Usijali, dada," alijibu Fundi. Akainama akalishona godoro lake upya, kwa mishono midogo ya kubana, mizuri kuliko aliyoikuta.

*

"Umeshukuriwa," alisema Mama Chiriku mumewe alipoingia ndani.

"Nilisema. Hukunisikia? Nilisema mbele za watu wote."

"Nilikusikia. Ulisema kama mtu anayekukaribisha chakula huku anafunika sufuria."

Fundi alikaa kitandani. Kochi hakuligusa. "Wewe si ndiye uliyesema nani atanipa kazi?"

"Ndiye mimi."

"Sasa?"

Mama Chiriku alisikia nje mlango wa chumba cha nne ukifungwa, kufuli ikibanwa, na ufunguo ukiungana na nyingine kiunoni kwa mwenye nyumba. Akasikia ndala zikipita dirishani. Chiriku akasimama juu ya kitanda, akachungulia.

"Mama, Dada Zamu amebeba godoro kichwani. Mbona hakuna anayemsaidia?"

Mama Chiriku alisimama akajifunga kitambaa kichwani. Mumewe akamuuliza anakwenda wapi, naye akamwambia amwangalie mtoto.

Alimkuta mbele kidogo ya duka la vocha. Godoro lilikuwa limejikunja likamfunika mpaka machoni, na mkononi alikuwa na mfuko mmoja. Watu walikuwa wakimpisha njia kwa upana usio wa kawaida. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Dada Zamu, simama."

"Nimesahau kitu?"

"Kunguni ni wetu," alisema Mama Chiriku. Alikuwa anahema. "Wako kwenye lile kochi. Tuliwaona jana, tukanyamaza."

Dada Zamu aliliteremsha godoro, akalisimamisha kwenye nguzo ya umeme, akajifuta jasho. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mama Chiriku, mwaka wa sita huu nafagia wodi. Kunguni namjua anakotoka na anakoelekea. Ule ufa wetu nauziba kwa sabuni kila wiki. Wanapenya kutoka kwenu wanakuja kwangu. Tangu lile kochi liingie."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mna mtoto. Mimi mtu mmoja. Halafu nilidhani mtasema wenyewe. Kila nikirudi zamu nasema, leo watagonga mlango tusaidiane. Hata pale uani. Nilimshukuru mumeo mbele za watu makusudi, ili aone haya. Nilijua mtu hawezi kumeza shukrani kama ile. Kumbe anaweza."

Mama Chiriku alitaka kuomba msamaha, lakini kila neno aliloliokota lilikuwa dogo. Alisimama pale na mikono yake inaning'inia. Wanawake wawili walipita wakamtazama, wakalitazama godoro, wakaharakisha.

"Unakwenda wapi sasa?" aliuliza mwishowe.

"Sijui."

"Huna ndugu?"

"Nikampelekee ndugu godoro lililofukuzwa? Na kazini nisithubutu hata kulitaja. Wakisikia nimetolewa kwenye nyumba kwa ajili ya kunguni, kesho siingii wodini." Akatazama mbele, barabara inapopinda. "Nilikuwa nasubiri nifike pale kwenye kona ndiyo niamue."

Kona ile haikuwa na kitu. Kulikuwa na mtaro, na ukuta wa karakana. Mama Chiriku aliitazama muda mrefu. Aliwaza chumba chao, baraza, nyundo na makochi ya watu yanayosubiri. Alimwaza dada yake, na neno lile, kumbe nyie mko vizuri. Kisha akainama, akalikumbatia godoro upande mmoja, kwa mikono yake yote, mpaka shavu likaligusa.

"Shika huko," alisema. "Tunarudi."

"Mama Chiriku, mtatolewa."

"Shika, dada."

*

Waliingia langoni wakiwa na godoro katikati yao. Uani palikuwa na watu wengi bado, kila mtu na simulizi lake, na mama mmoja tayari alikuwa akiulizia chumba cha nne kwa ajili ya mdogo wake.

"Kuna nini tena?" Mama Funguo aliinuka kigodani.

"Kunguni ni wetu," alisema Mama Chiriku.

"Nini?"

Akasema tena, kwa sauti ya kufika mpaka chooni. "Ni wetu. Tangu lini na wako wapi, tunajua. Jana nilikwambia kwetu hakuna, nilikudanganya. Na mtoto wangu nilimfundisha kusema ni mbu."

Mama Funguo alizishika funguo zake zisilie. Fundi alikuwa ametoka mlangoni, na mtoto nyuma yake. Mwenye nyumba akamgeukia, na sauti yake ikawa laini, karibu ya kubembeleza, kwa sababu hakutaka kuamini kwamba mwezi mzima amekalia kunguni.

"Fundi, mkeo anasema kweli? Au naye amemwonea huruma mwenzake? Sema tu, sitakasirika."

Mlango mwingine wa kutokea ulikuwa umefunguliwa, mpana kuliko ule wa kwanza. Watu wote walikuwa wanamsubiri apite. Fundi alimtazama Dada Zamu, ambaye safari hii hakumtazama. Alikuwa akitazama ule mshono mpya wa godoro lake.

Fundi akaingia ndani. Wakasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Akatoka kinyumenyume na lile kochi la kijani, akalivuta hatua zote kumi mpaka katikati ya uani, akalipindua miguu juu. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu, lakini mkono wenye kisu ulijua pa kuanzia. Safari hii hakufungua uzi. Alikata.

"Sogeeni nyuma," aliwaambia majirani zake. "Msije mkawabeba kwenye nguo."